Bakuli la Mtawala wa Roccalenta

Hapo zamani, katika nchi ya Italia, palikuwa na mji mdogo uitwao Roccalenta, umekaa juu ya kilima kirefu chembamba, nyumba zake zimebanana ukingoni utadhani zinashikana zisianguke. Mji ule ulikuwa na kanisa, soko, kengele mbili na watu wenye maneno mengi. Kitu kimoja tu haukuwa nacho, nacho ni maji. Chemchemi ilikuwa chini kabisa bondeni, na kutoka huko mpaka juu palikuwa na ngazi ya mawe yenye vidato mia sita na kumi, iliyoishia kwenye lango dogo chini ya jumba la mtawala.

Basi mjini humo aliishi mchukuzi wa maji jina lake Zeffirino, fukara wa kutupwa. Wachukuzi wenziwe walikuwa na punda. Yeye hakuwa na punda, ikawa punda ni yeye mwenyewe. Aliwachotea wajane na wazee wasioiweza ngazi, naye akapewa mkate, au kitunguu, au dua, na mara nyingi ilikuwa dua. Watu walimwona mpumbavu kwa sababu aliyashika maneno kama yalivyosemwa. Ukimwambia asubiri kidogo, alikuuliza kidogo hicho ni kiasi gani.

Mtawala wa mji aliitwa Baldovino, mtu mnene, mpole wa sura, lakini mkali mno katika jambo la usingizi. Alizaliwa juu, akalelewa juu, na kila alipotoka alipita barabara ya kusini ndani ya gari la farasi, hata ngazi ile hakupata kuikanyaga. Kila siku baada ya chakula cha mchana alijilaza, na kila siku kwato za punda zikamwamsha. Ikawa Jumanne moja akaamka amefura kama andazi, akatoa amri kwamba Jumapili lango la ngazi lizibwe kwa matofali, na anayetaka maji azunguke kwa barabara ya kusini.

Mji ukataharuki. Kuzunguka huko kulikuwa mwendo wa nusu siku. Zeffirino akajihesabia: safari zake nane zingekuwa mbili, na katika wazee wake wanane, sita wasingeona hata tone. Roho ikamuuma sana. Akafuta miguu yake, akaenda barazani.

"Mtukufu," akasema, "nimekuja kwa ajili ya lango. Likizibwa, wazee wangu watakufa kwa kiu."

"Kwa kilima hiki?" Baldovino akastaajabu. "Mimi hukitazama kila siku dirishani. Hiki ni kilima cha kuchezea watoto!"

"Ukikitazama toka juu, bwana wangu, ndivyo kilivyo."

Sasa mjue kwamba mtawala alikuwa na kidonda kingine moyoni. Jirani yake wa ng'ambo ya bonde alikuwa na kitabu cha historia na jiografia ya mji wake, na kila walipokutana alimringia nacho. Baldovino naye akaita mabingwa watatu. Wa kwanza akaandika kwamba Roccalenta ilijengwa na mwana wa mfalme aliyekimbia vita. Wa pili akaandika kwamba ilijengwa na mpishi wa kaisari. Na vitabu vyote viwili vilimlaza mtawala kwenye ukurasa wa pili. Wa tatu alishuka kupima kilima, akarudi na homa.

Basi Baldovino, kwa kuudhika, akachukua bakuli la udongo lililokuwa mezani, akamimina zeituni zilizokuwamo, akasema: "Wewe unajifanya kuujua mji huu kunishinda mimi. Haya! Jumapili niletee mikononi mwangu historia na jiografia ya Roccalenta, yote, isipungue hata chembe. Itoshe katika bakuli hili. Isiwe na herufi hata moja, maana herufi zinanisinzisha. Na nikishaipokea nisiweze kuisahau maisha yangu yote. Ukiweza, lango litabaki wazi. Ukishindwa, lango litazibwa, nawe utahama mji huu siku hiyo hiyo."

Wazee wa baraza wakaangua kicheko. Zeffirino akaligeuza bakuli, akalichungulia ndani na nje.

"Halina ufa?" akauliza.

"Halina."

"Basi linatosha," akasema, akaenda zake.

Jumapili baada ya ibada baraza likajaa. Kule langoni waashi walikwisha kuchanganya chokaa, wamesimama na miiko yao wanangoja neno. Zeffirino akaingia, akainama, akaliweka bakuli mezani. Lilikuwa tupu, kavu kabisa.

"Mbona hamna kitu?" akanguruma Baldovino.

"Mtukufu, uliniamuru nikuletee mikononi mwako. Kitu nimekipata, bakuli ninalo. Kilichobaki ni mikono yako, maana hukuniambia iwe wapi nitakapokitia. Nami nataka iwe chini, kwenye chemchemi."

Wazee wa baraza wakatazamana. Mtawala akataka kukataa, lakini mwenyewe alikwisha kusema mbele ya wote kwamba kilima ni cha kuchezea watoto. Akajikaza, akapandisha mabega. "Twende," akasema.

Kushuka kulikuwa raha tupu. Baldovino alishuka akipiga mluzi, na mara mbili akamwuliza Zeffirino kama hii ndiyo ngazi waliyokuwa wakiililia. Walipofika chemchemini, Zeffirino akajaza bakuli hadi ukingoni, akampa mikononi.

"Hii hapa, mtukufu. Sasa uipandishe. Tone likimwagika tutarudi kulichota, kwa kuwa uliamuru isipungue."

Wakaanza kupanda. Kidato cha thelathini, Baldovino akaacha mluzi. Kidato cha sitini, tone likamwagika, wakarudi. Kidato cha tisini, likamwagika jingine.

"Tusirudi!" akalia mtawala. "Twende na yaliyobaki!"

"Yaani mtukufu unairuhusu historia ipungue?"

"Naruhusu! Naruhusu!"

Basi wakaendelea. Baldovino akaona kila kidato kina shimo katikati, akauliza mawe yale yameliwa na nini. "Na miguu ya bibi zetu," akajibu Zeffirino. "Miaka mia tano wamepita hapahapa."

Wakafika penye kona, palipo kanisa dogo. "Hapa askofu wa kwanza aliketi. Alikuwa anakwenda kujenga juu. Alipofika hapa akasema hapahapa panatosha."

"Mimi niliambiwa... alitokewa na... malaika," akasema Baldovino akihema.

"Huenda, mtukufu. Hapa kila mtu huona nyota."

Mbele kidogo akamwonyesha ukuta wa zamani. "Na hapa jeshi la ng'ambo lilitufikia na deraya zao za chuma. Walipofika ndimi zimewatoka, wakaomba maji kwanza kabla ya vita. Wanawake wetu wakawanywesha. Walipokwisha kunywa wakaona haya kuwapiga, wakashuka. Ndiyo vita tuliyoshinda, nayo ni hiyo moja tu."

Hapo akapita Mama Orsola, ajuza wa miaka sabini, ana mtungi kichwani. Akampita mtawala wake pasipo hata kumtupia neno. Baldovino akataka kukasirika, lakini pumzi ya kukasirikia hakuwa nayo.

Hata wakafika langoni. Mtawala akaanguka kitako mavumbini, uso umemwiva, na bakulini mmebaki mafunda mawili. Koo lilikuwa limemkauka, akainua bakuli anywe.

"Mtukufu," akasema Zeffirino kwa adabu, "ukinywa, kitabu kimekwisha. Itabidi ushuke ukachote kingine."

Baldovino akalitazama bakuli, akaitazama ngazi, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka tumbo likamcheza na machozi yakamtoka, akanywa yote mpaka tone la mwisho.

"Nimekisoma," akasema. "Nacho hakikunisinzisha."

Mama Orsola alikuwa amekwisha kutua mtungi wake. Akaja mpaka pale alipokaa mtawala, akainama kidogo.

"Pole na kazi, baba," akasema.

"Mbona hukunisalimu kule ngazini?"

"Ulikuwa na maji, baba. Sisi hatumsalimu mwenye maji mpaka atue, tusije tukamgharimu pumzi ya kujibu."

Baldovino akaliweka bakuli chini. Maisha yake yote watu walimwinamia na kumsifu, lakini pole ya kazi hakupata kupewa na mtu, wala hakupata kuistahili. Aibu ikampanda mpaka masikioni. Akainuka, akamshika bibi yule mkono.

Mwashi mkuu akakohoa. "Mtukufu, chokaa inaganda. Tuanze kuziba?"

"Shukeni nayo," akasema Baldovino. "Mpaka pale alipoketi askofu. Mjenge kiti cha mawe, kirefu, cha kuwatosha watu kumi na mitungi yao. Na lango hili, kesho mje mlipanue."

Nami msimulizi hapa ndipo nilipotua mzigo. Anayetaka zaidi na achukue bakuli lake, ashuke mwenyewe.