Sanduku la Bi Nguchiro

Hapo zamani za kale, kabla barabara hazijaonja lami (na wewe uliyekaa mlangoni, usinizibie mwanga), Bi Nguchiro alifunga safari kwenda kumwona binti yake aliyejifungua. Mzigo wake ulikuwa mmoja tu, sanduku la mninga. Majirani wote walimsaidia kulipakia kwenye gari la magurudumu manne, Kaka Farasi akavuta. Kila mji mdogo waliopita walipewa uji, majani na mahali pa kulala.

Walipoingia mji wa Telezini, gurudumu likapasuka. Kacha!

Mzee Kobe, seremala, akalikagua weee, kisha akasema, "Siku tatu."

"Tatu! Babu, huwezi kufanya haraka?"

"Hiyo ndiyo haraka. Ilikuwa sita."

Mama Kanga aliwaletea bakuli la kunde huku anachungulia njia. "Kula, shoga. Jumbe wetu ni Simba. Akimwona huyu Farasi, hizo siku tatu hazifiki."

"Nanyi mtakaa mnatazama?"

"Tufanyeje? Hamna mwenyeji. Hapa Telezini, anayepokea mzigo wa mgeni akauingiza kwake, huyo ndiye mwenyeji, na mgeni wake haguswi. Hilo hata Simba hajalivunja, alilikuta kwa babu yake. Ningekupokea mimi, lakini sanduku lako nimelijaribu na wanangu wote saba, halinyanyuki! Umeweka nini humo?"

"Jiwe la kusagia la marehemu mama."

"Basi tumekwisha," Farasi akasema.

"Wewe tafuna majani," Bi Nguchiro akamjibu, macho yake yameshaanza kucheza.

Mara, ngrrrm! Simba huyo, kifua mbele, watu wamepisha njia.

"Huyu anavuta gari," akauliza akimkodolea macho Farasi, "au anakuja sufuriani kwangu?"

Bi Nguchiro hata hakusimama. "Shikamoo. Jumbe ndiye wewe? Nilidhani ni mkubwa zaidi."

"Unasemaje?"

"Yaishe, bwana. Nilikuwa natafuta mwenye mgongo wa kunyanyua sanduku langu. Naona mji wenu una makelele tu."

Watu wakaguna. Mzee Kobe akaacha kupiga randa.

"Lete hapa!" Simba akanguruma.

"Usijitie, utateguka kiuno, mkeo aje kunitukana bure."

"Nalinyanyua kwa mkono mmoja!"

"Kunyanyua! Hata punda ananyanyua. Mwanamume angelifikisha mpaka ukumbini kwake bila kupumzika. Lakini acha, wewe huwezi."

Hyaa! Simba akalibeba. Mishipa ya shingo ikamtoka, miguu ikatetemeka, lakini hakutua. Akavuka uwanja, akapita mlango wake, akalibwaga ukumbini. Puu! Vumbi likatimka. Akatoka anahema, anatabasamu.

"Nani mwingine Telezini anaweza hilo?"

"Lululululu!" Mama Kanga akapiga kigelegele. "Jumbe kapokea mzigo! Jumbe kapata wageni!"

Mji mzima ukaitikia kwa vigelegele.

Simba akaacha kutabasamu. Akamtazama Farasi. Akawatazama watu wake. Akageuka kulitazama sanduku ukumbini. Tumbo lake ndilo lililonguruma.

"Mke wangu," akaita polepole, "wachotee wageni maji."

Siku tatu Farasi alikula majani mlangoni kwa Simba, naye Simba alikula kunde kama sisi wengine. Gurudumu lilipopona, Simba mwenyewe alilirudisha sanduku garini, akawasindikiza mpaka mwisho wa mji, maana ndivyo mwenyeji anavyofanya.

Pale njiani akatokea Fisi, mate yanamdondoka. "Jumbe! Nyama yote hiyo! Tugawane?"

"KOMA!" Majani ya miti yakapukutika. "Huyo ni mgeni wangu!"

Fisi akatimua mbio, ti-ti-ti-ti, mkia katikati ya miguu.

Simba akamsogelea Bi Nguchiro. "Bibi wee, ulinichezea."

"Nilikuchezea, sikatai. Lakini umependeza, Jumbe. Kote nilikopita, sijapata mwenyeji kama wewe."

Simba akatikisa manyoya ya shingo, akavimba mpaka barabara ikawa nyembamba.

"Mkirudi," akasema, "mfikie kwangu. Na hilo sanduku asiliguse mtu, nitalibeba mimi."

Basi ndivyo nawaambia: mwenye nguvu na majivuno msimwombe huruma, mpeni jambo jema la kujivunia mbele za watu.