Gunia la Zimwi Dalali

Sogeeni, wanangu, niwape ya kale ambayo sijaona ikizeeka.

Palikuwa na mjane, Nakijwa, mwenye shamba la kabichi mlimani. Kabichi zilikomaa, mvua ikaanza kuzipasua, na mnunuzi aliyepanda huko alikuwa mmoja tu: zimwi dalali, tai shingoni, mkia ndani ya suruali.

"Gunia moja, bei moja," akasema.

Nakijwa akajaza gunia mpaka mdomoni. Gunia likasema, "Bado!"

"Weka lumbesa kidogo, mama, kilele juu ya mdomo wa gunia," zimwi akasema. " Ndiyo biashara."

Akaongeza, gunia likarefuka. "Bado!"

"Ongeza, mama. Wenzako hawalalamiki."

Akaongeza mpaka shamba likabaki tupu. "Bado!"

Nakijwa akaona chakula cha wanawe cha mwaka mzima kimemezwa kwa bei ya gunia moja. Akapangusa jasho. "Labda sijashindilia vizuri, bwana. Mimi mwepesi. Mwenye uzito ni wewe."

Sifa zikamkolea zimwi. Akavua viatu, akapanda juu ya kabichi, akakanyaga kama madalali wote wanavyokanyaga. Akazama magoti, akazama kiuno, akazama mpaka kwenye tai. Nakijwa akakaza kamba ya gunia shingoni mwake.

"Nimeshiba," likasema gunia.

"Nifungulie, mama!" zimwi akalia. "Nitalipa kwa kilo, bei ya sokoni!"

"Ala! Kumbe kilo unazijua!"

Nakijwa akaleta mizani, akatoboa gunia chini, akawa anachomoa kabichi mojamoja kupitia tundu hilo, na kila moja ikapimwa mbele ya macho ya zimwi.

Mimi nilipoondoka huko, alikuwa bado analipa.