Jiwe la Mwalimu Mfinanga

"Jiwe la umpendaye halilemei." Ninyi wa kidato cha kwanza mmeyasikia leo maneno haya kwa mpishi wetu, alipomwona Namsifu akimbebea ndoo rafiki yake anayeumwa, na sasa mnataka kujua yalitoka wapi. Wekeni ndoo chini. Mimi ni mzee wa kidato cha nne, nina miaka kumi na saba na goti moja bovu, kwa hiyo hekima ninayo. Methali hii ilizaliwa hivi.

Mwaka jana shule yetu ilikuwa na mwalimu wa jiografia, Mwalimu Mfinanga, mwanzilishi wa klabu ya baiskeli za mlimani. Baiskeli zenyewe mnazijua: matairi mapana yenye meno, breki zinazolia kama mbuzi. Kila muhula aliwaongoza wanachama kwenye njia inayopita msituni na kushuka milima hii ya Upare hadi tambarare, saa nne bila kuona paa la nyumba. Njia ina mizizi, ina kona za ghafla, na katikati ina mahali paitwapo Ngazi: miamba ishirini na mmoja iliyopangana kama vidato, kushoto ukuta, kulia hewa tupu.

"Tazama njia, usitazame jiwe," mwalimu alipenda kusema. "Ukilitazama jiwe, utaligonga."

Alikuwa anastaafu, na Jumamosi moja tukafanya safari yake ya mwisho. Sasa, alikuwepo mvulana mmoja ambaye jina lake nalificha kwa heshima ya ukoo wake. Asubuhi ile, mwalimu akiwa anajaza upepo matairi, mvulana huyo aliokota jiwe hapa hapa bombani, ukubwa wa papai, akalizungushia karatasi za daftari lake, akalifunga kwa kamba ya katani na kulitia chini kabisa ya begi la mwalimu. Hesabu yake ilikuwa rahisi: mzee atalalamika, atafungua, tutacheka, atalitupa.

Mzee hakulalamika. Tulipopumzika mara ya kwanza, alipapasa ndani ya begi, akalikuta furushi, akachungulia, akatabasamu. Kisha akafunga begi.

"Hufungui, mwalimu?" mvulana akauliza.

"Zawadi ya kuagwa haifunguliwi njiani," mwalimu akamnong'oneza. "Mwandiko huo nimeusahihisha miaka miwili na nusu. Usiwaambie wenzako kwamba nimeshakujua."

Hapo mzaha ukaisha utamu. Tangu hapo mvulana hakuitazama njia; alilitazama begi, likipanda na kushuka mgongoni mwa mtu wa miaka sitini.

Kwenye Ngazi, kidato cha tisa (ndiyo, kile ambacho wizara haijakianzisha), gurudumu la mbele la mwalimu liliteleza. Angeweza kujikinga kwa mikono miwili. Alitumia mmoja, wa pili aliupeleka nyuma kulikinga begi lisigonge mwamba. Kiwiko kikachunika. Mvulana, aliyekuwa nyuma yake akilikodolea macho begi, naye akaruka na baiskeli yake, akatua kwa goti.

"Mwalimu, nipe begi."

"Na goti hilo? Acha utani."

"Utani ndio huo uliomo humo, mwalimu. Si zawadi. Nilikuwekea jiwe. Nisamehe."

Mwalimu Mfinanga akaketi pale pale kwenye mwamba. Akafungua kamba bila haraka, akazikunja karatasi vizuri, akaliinua jiwe juani. Akaligeuza. Akalilamba! Akaligeuza tena.

"Umelitoa wapi?"

"Bombani."

"Mate yameitoa mistari. Unaiona, mweusi, mweupe, mweusi? Hili lilipikwa chini ya ardhi kabla mlima huu haujawa mlima." Akalipangusa kwa kiganja. "Mwanangu, nimefundisha miamba miaka thelathini na minne. Wewe ndiye mwanafunzi wa kwanza kuniletea jiwe."

Mvulana alilia sana. Kwa bahati alikuwa na goti la kusingizia.

"Basi tulitupe, mwalimu. Bado vidato kumi na viwili."

"Thubutu!" Akalirudisha begini.

Chini tambarare, mkewe alikuwa akitungoja na mpishi wetu na sufuria la makande. Alipolipokea begi, nusura limwangushe.

"Baba Elinami! Umebeba jiwe mlima mzima? Halikukulemea?"

Mwalimu akamtazama mvulana, si jiwe.

"Jiwe la umpendaye halilemei," akasema.

Mpishi aliyadaka maneno hayo, na mnavyomjua, kufikia Jumatatu yalikuwa yamefika bweni la wasichana. Jiwe lenyewe liko nyumbani kwa mwalimu, linazuia mlango usifungwe na upepo. Nililiona Pasaka. Alinionyesha kwa kila mgeni aliyeingia: "Huyu ndiye aliyeniletea."

Mnacheka nini? Nimesema "alinionyesha"? Basi, limeshatoka.

Namsifu, leta hiyo ndoo. Na ya mgonjwa wako pia. Goti ni bovu, ndiyo, lakini tangulieni tu, ninakuja nazo. Jiwe la umpendaye halilemei.