Mkeka Mpya na Sauti ya Mwalimu Ambilikile

Mkeka mpya hautandikwi juu ya aliyelala. Mmeisikia leo karakanani, fundi mmoja akimtupia mwenzake mwenye mkono mwepesi kwenye kompyuta ya mteja, mkacheka, mkauliza mikeka na kompyuta wapi na wapi. Mna haki ya kuuliza. Methali nyingi tumezikuta zimeshakomaa na wazazi wake hatuwajui, lakini hii bado changa, na kwao kunajulikana. Ilizaliwa hapa hapa Tukuyu, kwenye baraza ya mwalimu mstaafu, na ilianza hivi.

Alikuwapo fundi kompyuta jina lake Ikupa, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, hodari wa kazi yake. Kompyuta iliyowashinda wengine yeye aliifungua, akaikodolea macho, akaifanya iende. Kasoro yake ilikuwa moja tu, alipenda kipya. Programu ikitolewa toleo jipya asubuhi, jioni ameshaiweka. Ukimwuliza kwa nini, alikujibu kwamba kipya kinyemi. Methali hiyo ina mkia wake, ingawa kidonda, lakini mkia huo watu wengi huuacha njiani, na Ikupa alikuwa mmoja wao.

Tena alikuwa na desturi ya usafi. Kila alipomaliza kuweka matoleo mapya alizungukia masalia yote, mafaili ya zamani yaliyosogezwa pembeni, akayafuta mpaka mashine ikawa nyeupe. Hakuondoka kwa mtu kabla ya kufanya hivyo, na wateja walimsifu.

Alhamisi moja aliitwa kwa Mwalimu Ambilikile. Huyu mzee alipatwa na ugonjwa wa koo miaka kadhaa nyuma, na ili apone ilibidi madaktari wamwondolee kisanduku cha sauti. Alirudi nyumbani mzima, ila hana sauti. Mtu aliyefundisha watoto wa watu miaka thelathini na tano akawa anaagiza maji ya kunywa kwa kuandika chaki kwenye kibao.

Mkewe, Bi Subilaga, alikuwa mpiga chapa mstaafu na kompyuta hazikumtisha. Akatafuta programu inayosoma maandishi kwa sauti, akaiweka kwenye kompyuta ndogo ya mezani. Mwalimu aliandika, mashine ikasema kwa niaba yake. Lakini sauti iliyotoka mara ya kwanza ilikuwa nyembamba na ya mbio, kama ya mtu anayenadi nguo mnadani, na Bi Subilaga akasema yeye hataweza kukaa nyumba moja na mtu huyo.

Programu ile ilikuwa na faili lake la mipangilio. Ndimo mwenye mashine anamoandika anavyotaka mambo yaende: sauti iwe nzito kiasi gani, itembee kwa mwendo gani, ipumzike wapi. Basi kwa miezi miwili, kila baada ya chai ya saa kumi, wazee wale walikaa pamoja. Mume akiandika sentensi, mashine ikiisema, mke akifumba macho na kusikiliza. Akitikisa kichwa, anabadili tarakimu, wanaanza upya. Mwalimu mwenyewe hakuweza kumsaidia, maana mtu husikia sauti yake kutokea ndani ya kichwa chake, hajui inavyofika masikioni mwa wengine. Aliyeijua ni yule aliyeisikia miaka arobaini. Siku moja Bi Subilaga akafumbua macho akasema, "Hapo. Hapo ndiyo wewe." Tangu siku hiyo majirani waliopita nje walidhani Mwalimu amepona.

Bi Subilaga alifariki mwaka uliofuata. Mume akabaki na mjukuu waliyemlea wote wawili, Tusekile, na sauti ile.

Haya yote Ikupa hakuyajua. Alichoambiwa na Tusekile ni kwamba programu imezeeka, inakwama katikati ya sentensi, na Jumamosi ndiyo sendofu yake, sherehe ya kumwaga bibi harusi kwao. Babu yake ndiye wa kumpa baraka mbele ya ukoo wa mume. Tusekile alisema mambo mengine yote ya sherehe yakiharibika atavumilia, hilo hapana.

Ikupa alipofika, Mwalimu alikuwa amelala barazani juu ya mkeka, kofia usoni. Tusekile akanong'ona kwamba dawa zake humlaza mchana, wamwache tu, naye akarudi jikoni. Ikupa akaingia sebuleni, akafungua kompyuta, akaanza kuvuta matoleo mapya ya vifurushi vyote vya programu.

Kazi ilikwenda vizuri mpaka mashine iliposimama na kumwuliza swali. Mnalijua swali lile. Kwa Kiswahili chetu lilisema hivi: faili hili la mipangilio limebadilishwa na mwenyewe, je, libaki la mwenyewe, au niweke lililokuja na toleo jipya? Na chini yake mashine ikaongeza kwamba, akitaka, itamwonyesha tofauti ya haya mawili. Kwa kweli watu waliotengeneza kitu kile walikuwa na adabu, maana hawakutaka kuvunja mlango wa mtu bila hodi. Lakini hodi ilipigwa, na aliyeijibu hakuwa mwenye nyumba. Ikupa hakutazama tofauti. Akajibu jipya. Swali likaja tena kwa faili jingine, akajibu jipya. Halafu akanyoosha vidole aanze usafi wake.

Hapo Tusekile akaja na sinia la ndizi za nyama. Ikupa akaomba dakika mbili tu amalizie. Tusekile akamwambia kwao mgeni haachi chakula kipoe mbele yake, na bibi angekuwapo angeizima hiyo mashine kwa mkono wake. Ikupa akacheka, akaacha kazi ilipo, akanawa.

Mwalimu naye alikuwa ameamka na kuingia ndani. Ikupa akapiga goti, akamwamkia. Mzee akaitika kwa kichwa na tabasamu, akajisogeza mezani, akaandika dua ya chakula kama ilivyokuwa kawaida yake, akabonyeza. Mashine ikasema ile dua bila kukwama hata mara moja. Ilisema kwa sauti nyembamba, ya mbio, ikamaliza kabla hawajafumba macho vizuri.

Tusekile akashika ukingo wa meza. "Babu," akasema polepole, "huyo nani?"

Mwalimu akaandika tena, neno moja tu, jina la mjukuu wake. Sauti ile ile ikaliita, kama karani anayeita foleni. Mzee akaondoa mikono yake kwenye vibonye kama aliyegusa kaa la moto. Akainuka, akafungua kabati, akatoa kile kibao cha zamani na kipande cha chaki, akaandika: Huyu si mimi.

Ikupa akaivuta kompyuta kwake. Akaanza kujieleza, kwamba hilo ni jambo dogo, ni tarakimu tu, atazishusha na kuzipandisha mpaka ikae sawa. Akashusha, mashine ikanguruma kama jitu la hadithini. Akapandisha, akatoka kijana wa kwaya. Kila mara alimtazama mzee, na mzee alitikisa kichwa, mwishowe akaacha hata kutikisa. Ndipo Tusekile, machozi yakimlengalenga, akamsimulia Ikupa habari ya Bi Subilaga na ile miezi miwili, kwamba hizo hazikuwa tarakimu bali masikio ya bibi yake, na mwenye masikio hayo hayupo.

Ikupa aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona tangu aanze kazi. Akataka mzee amkemee, hata amfukuze, angalau apate pa kuiweka ile aibu. Mwalimu hakumkemea. Alikuwa amefundisha watoto wengi mno, hakuwa mtu wa kumkemea aliyekwisha kuelewa. Alimwashiria akae, akafuta kibao kwa kiganja, akaandika kwa herufi za ubaoni, zilizosimama vizuri, akifuta na kuendelea kila nafasi ilipokwisha.

Aliandika kwamba Subilaga alikuwa mtu wa mikeka. Kila alipouona mzuri mnadani aliununua. Akirudi akamkuta mumewe amejilaza juu ya ule wa zamani, hakumwamsha wala hakuutandaza mpya hapo alipo. Aliuegemeza ukutani, akaenda kuchambua mboga zake, akasubiri. Mumewe akiamka anauona, wanaamua pamoja, mara nyingine wakiutandika mpya, mara nyingine wakiurudia wa zamani kwa sababu umeshajua mgongo wake.

Kisha akafuta kibao chote, akaandika mstari mmoja akamgeuzia Ikupa: Mkeka mpya hautandikwi juu ya aliyelala.

Ikupa akausoma mara mbili. Neno lile la kuegemeza ukutani likamgonga kichwani. Akakumbuka kwamba mashine ile, hata ukiiambia iweke jipya, haitupi la zamani. Hulisogeza kando, ikalibandika jina la masalia. Na masalia yale ndiyo aliyoyafuta kila siku, katika kila nyumba, akisifiwa. Je, leo alikuwa ameshafuta? Akajaribu kukumbuka, akili ikamganda. Halafu akaliona sinia la ndizi, limepoa, hakuna aliyeligusa.

"Tusekile," akasema, "uliponiita kula nilikuwa sijafanya usafi."

Akarudi kwenye kompyuta, akayafungua masalia. Faili lilikuwapo. Safari hii hakukimbilia kulirudisha, alilifungua kwanza alisome, jambo ambalo lingemchukua dakika moja tu pale mwanzo.

Sasa, mnajua kwamba katika mafaili ya namna hiyo mstari ukianza na alama ya reli, ile #, mashine huuruka. Mistari hiyo ni ya binadamu, ya kukumbushana. Ikupa alitarajia tarakimu, akakuta nusu ya faili ni mistari ya reli, na kila mmoja umeandikwa na Bi Subilaga. Akasita, hakujua kama ni haki yake kuisoma. Akamwuliza mzee kama aliwahi kuliona faili hili kwa ndani. Mwalimu akatikisa kichwa. Hakuwahi, hiyo ilikuwa kazi ya mke wake.

Ikupa hakuisoma kwa mdomo. Alilirudisha faili la mwenyewe mahali pake. Lile jipya akaliweka kando, akayatazama mawili bega kwa bega, akachukua kutoka kwa jipya ile mistari miwili tu ambayo programu isingekwenda bila hiyo. Halafu akainakili mistari ya Bi Subilaga, akaiondolea alama za reli, akaipa mashine iiseme. Na mashine ikaisema taratibu, kwa sauti nzito yenye vituo, sauti ya Mwalimu Ambilikile.

"Nimeshusha kidogo. Ilikuwa inamfanya kijana mno."

"Asiende mbio. Ambilikile hakuwahi kuwa na haraka, hata siku ya kuja kunichumbia, mjomba alikaribia kulala."

"Ule mkwaruzo wa asubuhi nimeutafuta, mashine haiuwezi. Basi."

"Hapa. Asiguse mtu tena. Hapa ndipo alipo."

Mabega ya mzee yalikuwa yakitikisika. Tusekile akadhani analia, akamkimbilia, akakuta anacheka kicheko chake kisicho na sauti, kwa ajili ya yule mjomba, na machozi yanamtiririka humo humo. Ikupa naye akalia, wala hakujificha. Baadaye wakazipasha ndizi moto, dua ikaombwa upya, na safari hii walifumba macho mpaka mwisho.

Jumamosi Mwalimu alimpa mjukuu wake baraka. Wageni wa upande wa mume, waliokuwa hawamjui, waliinua shingo kumtafuta mzee anayezungumza kwa utulivu namna ile, wala hawakuitazama kompyuta. Tusekile aliinamisha kichwa, akasikia jina lake likiitwa kama alivyoitwa tangu utoto.

Ikupa aliacha ule usafi wake. Hadi leo, mashine ikimwuliza swali lile, huondoa mikono, akamtafuta mwenyewe, na asipompata, la mwenyewe hubaki na jipya husubiri kando. Wanaojifunza kwake humwona mzito siku za kwanza. Yeye huwapa ule mstari wa kibao, na kwa njia hiyo umetufikia.

Lakini kuna jambo moja la ile Alhamisi ambalo huwa halisimuliwi. Ikupa alipokuwa akifungasha vifaa vyake, Mwalimu alimshika mkono, akamwashiria amfungulie tena lile faili. Akashuka mpaka mstari wa mwisho wa mkewe, ule unaosema hapa ndipo alipo. Chini yake akaweka alama ya reli, ili mashine iuruke na asisikie mtu, akaandika kwa kidole kimoja:

"Bado nipo, Subilaga."

Akahifadhi, akafunika kompyuta, akarudi barazani kujilaza. Ukutani nyuma yake ulikuwapo mkeka ambao Tusekile alikuwa ameununua kwa ajili ya sherehe, mzuri, wa rangi tatu, umeviringishwa na kuegemezwa, ukimsubiri aamke. Kwa maana mkeka mpya hautandikwi juu ya aliyelala.