Nani Aliyemwokoa Mwalimu Mwaisumo?

Sogeeni karibu, ila majibu yenu yashikeni kwanza.

Katika kidato cha kwanza alichofundisha Mwalimu Mwaisumo walikuwapo wanafunzi watatu. Tusekile alijua kusoma kwa sauti hata ukamwona mhusika amesimama mbele yako. Ambakisye alijua kuuliza. Atupele, msichana mkimya, alijua kuona jambo lililojificha nyuma ya maneno.

Mwalimu aliwafundisha uchambuzi kwa riwaya moja ya ajabu: malkia aliliuzia joka sauti yake ili watu wake warudishiwe mto wao. Wazazi wakasikia habari za joka. "Watoto wanafundishwa uchawi!" Bodi ya shule ikaitisha kikao: mwalimu ajieleze, la sivyo aondoke.

Siku ya kikao ukumbi ukajaa wazazi na wanafunzi. Alipoanza tu kujieleza, mzazi mmoja, Baba Lusajo, akamkatiza: "Hatutaki maelezo, tunataka watoto wetu!" Mwalimu akaketi, akakiweka kitabu mezani.

Tusekile akakitwaa kitabu bila ruhusa. Akasoma pale malkia anapowaaga wanawe kwa maneno yake ya mwisho. Ukumbi uliokuwa ukivuma ukatulia. Mama mmoja akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Maneno matamu ndiyo yanayopoteza watoto," akasema Baba Lusajo. Minong'ono ikaanza upya.

Ambakisye akanyoosha mkono. "Shikamoo, baba. Malkia alikuwa na mkuki. Mbona hakuliua joka?"

Baba Lusajo akakisogelea kitabu. "Hebu lete nione." Akapekua kurasa, jibu hakuliona.

Ndipo Atupele akainuka. "Joka ni hofu ya watu wa malkia wenyewe, baba. Hofu haichomwi mkuki. Kadiri walivyolikimbia, ndivyo lilivyonenepa. Hata sisi hapa tunaogopa kitabu ambacho hatujakisoma."

Mwenyekiti wa bodi akashusha pumzi. "Mwalimu abaki, na kitabu kibaki." Kisha akaongeza: "Kuna nafasi moja ya warsha ya waandishi chipukizi Mbeya. Mwalimu, nitajie mwanafunzi aliyekuokoa, ndiye aende."

Nje, watatu wale wakamzunguka mwalimu wao.

"Nisingesoma, nani angesikiliza?" akasema Tusekile.

"Nisingeuliza, nani angekifungua kitabu?" akasema Ambakisye.

Atupele akainamisha kichwa. "Na wangekifungua wasielewe, je?"

Mwalimu akawatazama mmoja mmoja. Akimtaja mmoja, hawa wawili watathubutu kusimama siku nyingine?

Mwenyekiti yuko mlangoni, anasubiri jina. Haya, jibuni sasa: ungekuwa wewe ndiye mwalimu, ungemtaja nani, na hao wengine ungewaambia nini?