Pimbi na Barua Zilizokataa Kushuka

Paukwa!
Pakawa!
Kapika nani?
Kapika jirani.
Kala nani?
Kala mpita njia.
Na sufuria?
Kaachiwa wa kuosha.

Basi sogeeni, wa kuosha ataosha kesho.

Hapo zamani za juzijuzi, wanyama wakiwa wameshanunua simu lakini mvua bado inajinyeshea inavyotaka, palikuwa na bonde moja lenye mfereji mmoja. Maji yalitoka juu mlimani, kwenye banio, pale mfereji unapofungwa na kufunguliwa. Mlinzi wa banio alikuwa Tembo. Chini bondeni wanyama walilima. Kobe alilima mchicha, Digidigi mahindi, Ngiri viazi. Na Pimbi, huyu Pimbi mdogo mwenye miguu mifupi, alilima maharage kwenye kijishamba cha mawe mawe, na alikuwa na watoto wanaokula kuliko ukubwa wao.

Maji yalikwenda kwa zamu. Wiki hii wewe, wiki ijayo mwenzio. Tembo akishapanga zamu huandika barua pepe, "Maji ya wiki hii ni ya fulani," akaituma kwenye sanduku la kijiji. Sanduku lenyewe si la mbao wala la bati. Lilikaa winguni, huko huko juu mnakoweka siku hizi hata picha za harusi. Kila mnyama alilifungua kwa simu yake, kwa neno la siri moja walilolijua wote. Na Tembo alikuwa na desturi yake: hafungui maji mpaka aandikiwe "Tumepokea." Asipojibiwa anakaa, anatafuna majani, anangoja.

Sasa, mwenyekiti wa kamati ya maji alikuwa nani? Kiboko. Mkubwa wa mwili, mkubwa wa mdomo, na bwawa lake liko palepale mfereji unapoishia. Ofisini kwake palikuwa na kompyuta ya mezani, na ndani yake programu ya barua yenye tabia kama za mwenyewe. Ikivuta barua kutoka winguni, kule juu haibakizi kitu. Chuu, barua imeshuka mezani. Chuu, winguni peupe. Kisha Kiboko mwenyewe anamwandikia Tembo, "Tumepokea," na maji yanashuka.

Wanyama wakifungua simu, peupe. Wanakwenda ofisini.

"Mwenyekiti, maji ni zamu ya nani?"

"Yangu."

"Na wiki iliyopita?"

"Yangu."

"Na wiki ijayo?"

"Ikifika mtaambiwa kuwa ni yangu."

Wanarudi. Mchicha unanyong'onyea, mahindi yanajikunja, na Kiboko bwawani analala kifudifudi, anapuliza maji kwa pua: pwaaa.

Asubuhi moja Digidigi akawahi kuamka. Kabla Kiboko hajawasha kompyuta, akafungua simu, akaiona barua kwa macho yake: maji ni ya Kobe. Alipomaliza kumwita Kobe, na Kobe alipomaliza kugeuza shingo, chuu, barua haipo. Lakini maneno yakaenea bondeni, na yakamfikia Kiboko.

Kiboko akasema moyoni, hawa sasa wananichungulia. Akachukua simu yake, akaingia winguni, akabadilisha neno la siri, asimwambie mtu; simu za wenzake zote zikafungiwa nje. Akafurahi sana. Alivyofurahi, akajitupa bwawani na simu ikiwa mdomoni. Bubububu. Simu ikafa.

Si kitu, akasema, ninayo ya mezani. Akaenda ofisini akaiwasha. Mashine ikajaribu kuvuta. Ikajaribu. Ikajaribu. Barua haishuki. Badala yake kikatokea kidirisha kidogo katikati ya kioo, kikauliza kwa adabu: weka neno la siri.

Kiboko akakitazama kidirisha. Neno la siri linaulizwaje, naye ametoka kulibadilisha ili mtu asilijue? Huyu ni mwizi. Akakifunga, pa. Kikatokea tena. Pa. Kikatokea tena. Pa.

Hakuna barua, basi hakuna jibu. Hakuna jibu, basi Tembo anatafuna majani. Mfereji ukakauka, tope likapasuka, bwawa la Kiboko likashuka mpaka magotini, ngozi yake ikaanza kuwasha. Na maharage ya Pimbi ndiyo kwanza yametoa maua. Ua la harage likikosa maji halingoji mtu, linadondoka, na likidondoka hakuna cha kuchuma. Pimbi alikuwa akiamka anaangalia maua, analala anaangalia maua.

Kiboko akaita mafundi.

Akaja Ngiri. Ko, ko, ko, ameingia. Akaizima mashine, akaiwasha. Akaizima, akaiwasha. Akaipuliza vumbi kwa pua, fuuu, vumbi likamwingia Kiboko machoni. Ngiri akasema ugonjwa wake ni kwamba mezani na winguni havisomani. Kiboko akasema hilo analijua, ndiyo maana amemwita. Ngiri akaondoka mkia juu.

Akaja Nyani. Ko, ko, ko, ameingia. Akatazama mashine, akatoka nje, akatazama mbinguni, akarudi. Akasema barua zinakaa winguni, sivyo? Na huu ni kiangazi, sivyo? Basi mawingu yako mbali, yasogelewe. Wakaibeba kompyuta mpaka kilele cha kilima, Kiboko anahema mbele, Nyani nyuma na waya begani. Huko juu hapakuwa na umeme. Wakairudisha. Nyani akaondoka na waya.

Muda wote huo Pimbi alikuwa juu ya bati la ofisi anaota jua, maana pimbi na mahali pa moto hawaachani. Bati lilikuwa na tundu. Kwa tundu lile aliiona mashine inauliza, Kiboko anafunga. Inauliza, Kiboko anafunga. Naye simu yake mwenyewe iliwahi kumuuliza hivyo hivyo, akaijibu, yakaisha. Akashuka, akapita kwa majirani akawaambia wote waje na simu zao, wakae kimya chini ya dirisha la ofisi. Akampa Nyani karanga, akarudishiwa waya. Halafu akabisha.

Ko, ko, ko.

Kiboko akatazama mbele, hakuona mtu. Akatazama chini.

"We pimbi, na wewe ni fundi? Hata meza huifikii."

"Nikipanda kiti naifikia, Mwenyekiti. Wewe ukipanda kiti, tutakuwa hatuna kiti."

Kiboko akataka kukasirika, lakini ngozi ilikuwa inawasha. Akamwambia apande, ila ajue kwamba akiharibu chochote atakanyagwa hapo hapo, na mtu wa bondeni hatauliza alikwenda wapi. Pimbi akautazama ule unyayo, ulikuwa mkubwa kuliko yeye na watoto wake wote wakijipanga. Akapanda kiti.

Akachomeka waya, mashine ikawaka, kidirisha kikatokea. Kiboko akanyanyua mkono akifunge.

"Usimfunge, Mwenyekiti," akasema Pimbi. "Huyu ni bawabu. Amekusahau. Mtajie lile neno jipya ulilomwambia wa kule winguni, atakufungulia."

"Nilitaje wewe ukiwa hapa? Unaniona mjinga?"

"Mimi nitageuka ukutani, na masikio nitayaziba."

Pimbi akageuka ukutani, akaziba masikio kwa mikono miwili, hata macho akafumba. Kiboko akaridhika kabisa.

Lakini vidole vya Kiboko mnavijua. Akibonyeza herufi moja zinaingia nne. Ikabidi ashike kijiti. Na tena Kiboko kusoma alifundishwa kwa kuimba, hawezi kuandika silabi bila kuiimba, na sauti yake anavyodhani ni ya kunong'ona inasikika ng'ambo ya pili.

"Mii. Mii. Pee. Kee. Yaa. Nguu."

Chini ya dirisha, simu zote: tik tik tik tik.

Kidirisha kikaondoka. Kiboko akacheka mpaka meno yale manne yakaonekana mizizi. Akamwambia Pimbi sasa ashuke kitini, aende zake. Hapo Pimbi akashika kidevu, akaguna kama mkunga aliyeona jambo.

"Mm."

"Nini?"

"Hapana, Mwenyekiti. Nimeona tu barua zako zote unaziweka humu mezani. Kila moja iko moja."

"Sasa ulitaka iwe ngapi?"

"Wakubwa wengine wanakuwa nazo mbili mbili. Moja mezani, moja winguni. Mchwa akila hii, ile ipo. Lakini si lazima. Moja nayo inatosha kwa mtu asiye na makuu."

Watoto, mtu mwenye tamaa ukimwambia inatosha umemtukana. Kiboko akauliza hao wakubwa ni kina nani. Pimbi akasema hapendi kutaja watu. Kiboko akasema yeye anataka mbili. Pimbi akamuuliza zote? Za mwaka huu tu, au na zile za zamani? Kiboko akasema zote, kila iliyoingia humu tangu siku ya kwanza, mbili mbili, na hata moja isisahaulike.

"Ni wewe umesema, Mwenyekiti."

"Ni mimi nimesema. Bonyeza."

Pimbi akabonyeza. Ile tabia ya programu ya kuvuta bila kubakiza, akaigeuza, juu na chini viwe sawasawa. Barua zikaanza kupanda kurudi winguni. Fyuu. Fyuu. Fyuu. Kiboko akawa anapiga makofi kila moja inapopanda. Na nje, kwenye nyasi, simu zikaanza kuitika. Ti. Ti. Ti. Maji ya wiki hii ni ya Kobe. Maji ya wiki hii ni ya Digidigi. Maji ya wiki hii ni ya Ngiri. Ya Pimbi. Ya Kobe tena. Wanyama wanasoma, wanatazamana, wanasoma.

Mwisho kabisa ikashuka mpya, chuu, aliyokuwa ameiandika Tembo tangu mfereji haujakauka. Maji ya wiki hii ni ya Pimbi. Kiboko alikuwa bado anapiga makofi, hakuiona. Pimbi akaiona. Akaandika jibu upesi upesi: Tumepokea, ni ya Pimbi, fungua. Akatuma. Fyuu. Na kwa kuwa mashine ni ya mwenyekiti, jibu likaenda kwa jina la mwenyekiti.

Kiboko alipochoka kupiga makofi akaisoma ile mpya. Akakohoa kusafisha koo. Akaenda dirishani, akawaona wamejaa chini, akafurahi kuwa na hadhira.

"Nimepata barua ya Tembo. Maji ya wiki hii ni zamu yangu."

Halafu Kobe, ambaye haharakishwi na mtu, akanyanyua simu yake karibu na jicho, akaanza kumsomea. Akamsomea ya wiki hii, akamsomea ya wiki iliyopita, akamsomea ya kabla yake, polepole, na kila akimaliza moja wenzake wanaitikia jina la mwenye zamu. Kiboko akarudi ndani mbio. Akaifuta ile barua mpya. Mezani ikapotea, na winguni ikapotea, maana sasa juu na chini ni sawasawa. Akapumua. Akafuta nyingine, akafuta nyingine, jasho linamtoka, wala hakusikia kule mlimani kitu kinakuja.

Shwaaaa.

Tembo alikuwa ameshajibiwa, na barua aliyoisoma Tembo haifutwi na mtu wa bondeni. Maji yakashuka, yakapita shamba la Kobe, yakapita la Digidigi, hakuna aliyeyagusa, yakafika kwa Pimbi, yakazama kwenye maharage. Pimbi alikuwa ameshatoka kwa lile tundu la bati zamani. Alikaa juu ya jiwe na watoto wake, wanaangalia maua yanavyoinua vichwa.

Wanyama wakakaa kikao bila mwenyekiti. Wakakubaliana kila aliyenyang'anywa zamu arudishiwe, mmoja baada ya mwingine, na Kiboko awe wa mwisho. Ndiyo maana ukimwona Kiboko mchana kutwa kwenye tope, ametoa macho na pua tu, usidhani amepumzika. Anangoja zamu yake, na usiku anatoka kwenda kuchungulia mfereji.

Hadithi yangu nimeitua hapa kama ndoo. Aliyeiona nzito aipumzishe, aliyeiona nyepesi aibebe mpaka kwao.

Na funzo lake, maana najua mama zenu watauliza. Funzo ni hili: mkinyang'anya maji ya watu, fungeni dirisha kwanza. Na mashine ikikuuliza neno la siri, usiijibu kamwe. Kiboko aliikatalia, akabaki mwenyekiti. Alipoijibu, mmeyaona.