Kijiti cha Baba Mkwe

"Usiulize nyama ukasahau kijiti." Mmemsikia Dama akimwambia mumewe hivyo, mkacheka, kisha mkanikimbilia mimi shangazi yenu kama kuku waliosikia mtama ukimwagwa. Haya, kaeni. Nawe Nyundo, simu mfukoni. Haitakufa ukiiacha kidogo. Methali hii ilianzia hapa hapa kwetu, na ilianza hivi.

Kijana mmoja, Thoya, alitoka mjini kuja kumwoa Mbodze, binti wa Mzee Mwaro. Kijana mpole, ila ukimwonyesha shamba la mihogo angeuliza tawi lipi linazaa chipsi. Desturi ya siku hizo ilikuwa kwamba mkwe mpya anamchomea baba mkwe ini la mbuzi, kwenye kijiti kibichi alichokikata kwa mkono wake mwenyewe. Wengine wote hula nyama ya sufuria. Ini ni la mzee peke yake. Akimaliza kula, anakichomeka kijiti kwenye makuti juu ya mlango, kila apitaye ajue kwamba mkwe amepokewa.

Mzee Mwaro alikula, akasifu, akachomeka kijiti. Jua halijazama akaanza kutapika. Waliomshika kifuani walisema moyo wake ulikuwa ukipiga na kusimama, ukipiga na kusimama, kama mtu aliyesahau njia ya kwao. Magharibi ilimkuta ameshafariki.

Hinzano, mwanawe mkubwa, alimkaba Thoya shingo. "Ini alilishika nani? Si wewe? Umemuua baba!" Polisi wakamchukua Thoya. Mbodze akabaki na msiba wa baba na mume mahabusu, hina bado mbichi mikononi.

Damu ya marehemu ikapelekwa kwa mkemia wa serikali, pamoja na chumvi, pilipili, limau na nyama iliyobaki sufuriani. Mkemia alikuwa mama mmoja mfupi, Saumu jina lake. Chumvi safi. Pilipili safi. Nyama safi. Sasa ikaja zamu ya damu, na hapa mimi nywele hunisimama mpaka leo. Ana mashine inayolichukua tone la damu na kukipitisha kila kilichomo, kimoja kimoja, kila kitu kikiacha mstari wake. Kati ya mistari ya Mzee Mwaro ulisimama mmoja ambao Saumu aliujua: sumu ya mishale, ile ambayo wawindaji wa kale waliichemsha kutoka mti wa msunguti ili kuangusha nyati. Kiasi chenyewe hakifiki chumvi inayobaki kidoleni ukishakilamba. Fikirini! Mtu amelala ndani ya sanda, kinywa kimefungwa, na damu yake inautaja mti kwa jina.

Lakini jibu hilo lilimzidishia Thoya mzigo. "Si nilisema?" Hinzano akanguruma. "Sumu ameitia!"

Saumu hakuridhika. Kama nyama ni safi, sumu ilipitia wapi? Akafunga safari hadi hapa.

"Ini lilichomewa kwenye nini?" akauliza.

"Kwenye kijiti, mama. Si kile pale juu ya mlango?" tukamjibu.

Tulikuwa tumepita chini yake matanga mazima! Akakichukua kwa glavu, akaondoka nacho. Aliporudi alikuja na polisi, na Thoya kafungwa pingu.

"Sumu ya kupaka hukaa juu," alisema. "Hii imo ndani ya mti wenyewe, toka ncha mpaka mshikio, mahali ini halikugusa kabisa."

"Basi aliuchagua mti wa sumu makusudi!" akasema Hinzano.

Saumu akamgeukia Thoya. "Ulikikata wapi?"

"Kwenye ua wa miti, nyuma ya zizi."

"Nani alikuonyesha?"

Thoya akaangalia chini. "Shemeji."

Huyo shemeji alikuwa Hinzano mwenyewe. Alikuwa amemwambia, tena kwa kumcheka, "Kata pale, bwana mjini, vile vimenyooka kama rula." Ua ule ulipandwa na babu yake, mwindaji. Hinzano na rika lake waliujua msunguti kwa jina, si kwa sura. Na mzee ambaye angeutambua kwa majani yake aliletewa kijiti kimeshamenywa, amekaa mkekani.

"Mbona hukusema?" Hinzano akamuuliza Thoya.

"Nilisema. Polisi wakaniambia niache habari za vijiti, nijibu habari za nyama."

Mbodze akamshika kaka yake mkono. "Kaka, baba ameshaenda. Usiniondolee na huyu."

Hinzano akawaendea polisi, akanyoosha mikono yake yote miwili. "Mfungueni shemeji yangu. Mti nilimwonyesha mimi."

Polisi wakaona ni ajali, na hakuna aliyezivaa tena zile pingu. Wale wawili waliung'oa ua wote pamoja, wakilia kama watoto wa baba mmoja. Na tangu hapo, mtu akiletwa barazani na kidole cha lawama kimeshaelekezwa, lazima atokee mmoja wa kusema: usiulize nyama ukasahau kijiti.